Maonesho ya ajira: Mtafuta kazi ajiandae vipi na ajihadhari na nini

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walinena kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Usemi huo ndio unaowatoa majumbani vijana wengi kila yanapotangazwa maonesho ya ajira, yaani mkusanyiko wa siku moja au mbili ambapo waajiri kadhaa huweka mabanda mahali pamoja ili wakutane ana kwa ana na watu wanaotafuta kazi.

Hata hivyo, kwenda huko si bure. Kijana anayetoka Mbagala, Chanika au Kibaha kwenda katikati ya jiji la Dar es Salaam hulipa nauli ya kwenda na kurudi, hutoa kopi za vyeti, huchapisha wasifu wake na mara nyingi hulazimika kula nje. Kwa mtu asiye na kipato, fedha hizo hutoka kwa mzazi, kaka au shangazi. Wengi hurejea na mfuko wa vipeperushi, kalamu yenye nembo ya benki na ahadi ya kupigiwa simu. Baada ya maonesho mawili au matatu ya namna hiyo, kijana hukata tamaa na kuamini kuwa yote ni danganya toto.

Makala haya yanaeleza kile ambacho maonesho ya ajira yanaweza kumpa mtafuta kazi, yale yasiyoweza kumpa, na hatua anazopaswa kuchukua kabla, wakati na baada ya siku hiyo ili gharama yake isipotee.

Si mahali pa kugawiwa kazi

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba ni nadra mtu kuajiriwa papo hapo. Watafiti wa uchumi walioandaa maonesho ya ajira mjini Addis Ababa, Ethiopia, katikati ya muongo wa 2010, waliwakutanisha vijana na makampuni na kisha wakafuatilia kilichotokea. Mazungumzo yalikuwa mengi, lakini ajira zilizotokana moja kwa moja na maonesho hayo zilikuwa chache mno: takriban mtu mmoja kwa kila makampuni 10 yaliyohudhuria.

Anayeishia hapo ataona kuwa hakuna haja ya kupoteza nauli. Lakini utafiti huo ulibaini pia jambo la pili. Vijana waliozungumza na waajiri walirekebisha matarajio yao kuhusu kazi wanazoweza kupata, wakatafuta kazi kwa bidii zaidi baada ya hapo, na hali ya ajira ya wale wenye elimu ndogo ikawa nafuu. Faida, kwa hiyo, haikuwa kazi iliyokabidhiwa mezani, bali taarifa ambazo mtu asingezipata akiwa nyumbani.

Utafiti mwingine katika jiji hilo hilo uliwapa baadhi ya vijana nauli ya kutafutia kazi, na wengine mafunzo ya kuandika wasifu na barua ya maombi, maandalizi ya usaili pamoja na vyeti vya kupimwa ujuzi. Miaka minne baadaye, manufaa ya nauli yalikuwa yamefifia, ilhali waliopata mafunzo walikuwa na kipato cha juu zaidi. Ni dhahiri kwamba maandalizi hudumu kuliko safari.

Ukubwa wa ushindani hapa nchini unajulikana. Mwezi Juni 2014, zaidi ya watu 10,000 walijitokeza katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ambao tangu 2020 unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Kwa hesabu hiyo kila nafasi iligombewa na watu zaidi ya 140. Katika msongamano wa aina hiyo, anayejua mapema mwajiri anatafuta mtu wa namna gani huwa mbele ya anayetuma maombi kila mahali kwa kubahatisha. Maonesho ni mojawapo ya sehemu chache ambapo swali hilo linaweza kuulizwa bila miadi.

Tambua ni maonesho ya aina gani

Mikusanyiko inayoitwa maonesho haifanani. Ile inayofanyika vyuoni huvutia benki, makampuni ya simu, makampuni ya ukaguzi wa hesabu na mashirika yasiyo ya kiserikali. Waajiri hao aghalabu hutafuta wanafunzi wa mwaka wa mwisho na wahitimu wapya kwa ajili ya programu za mafunzo kazini. Mhitimu wa miaka mingi iliyopita anapaswa kuuliza mapema kama programu hizo zina ukomo wa umri au wa mwaka wa kuhitimu.

Maonesho ya elimu ya juu yanayoandaliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), ambayo kwa miaka mingi yamekuwa yakifanyika katika Viwanja vya Mnazi Mmoja, si ya ajira. Anayekwenda huko akitafuta kazi atakuta vyuo vinavyotafuta wanafunzi. Yanamfaa zaidi anayefikiria kuongeza elimu au kubadili fani.

Kwa upande mwingine, maonesho ya biashara yanaweza kumnufaisha mtafuta kazi ingawa hayabebi jina la ajira. Maonesho ya Sabasaba katika Barabara ya Kilwa, pamoja na yale ya Nanenane katika viwanja kama Nzuguni mjini Dodoma, Themi mjini Arusha na John Mwakangale mjini Mbeya, huwakutanisha wazalishaji, waagizaji wa mashine, wauzaji wa mbegu na wasindikaji wa vyakula. Mabandani huwa wapo watu wanaofahamu kazi yenyewe, si ofisa utumishi peke yake. Fundi umeme, fundi wa majokofu au mchomeleaji aliyehitimu VETA anaweza kumuuliza muuzaji wa mashine ni nani anayezifunga na kuzitengeneza mikoani, swali ambalo ofisini huishia mlangoni kwa mlinzi.

Aidha, yapo maonesho yanayofanyika kupitia intaneti, ambayo yaliongezeka tangu janga la Covid-19 mwaka 2020. Hayo hayahitaji nauli, lakini yanahitaji bando la kutosha, mahali penye utulivu na wasifu uliokwisha kuhifadhiwa kwenye simu au kompyuta.

Kuhusu kazi za serikali, ieleweke kwamba ofisa anayesimama bandani hana mamlaka ya kutoa nafasi. Kwa Tanzania Bara, nafasi nyingi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hutumwa kwa njia ya mtandao bila malipo. Cha kuuliza hapo ni sifa zinazotakiwa, namna ya kujaza taarifa na makosa yanayosababisha maombi kukataliwa.

Maandalizi kabla ya siku

Hatua ya kwanza ni kupata orodha ya waajiri watakaohudhuria. Kama haikuchapishwa, waandaaji wapigiwe simu. Kutokana na orodha hiyo chagua waajiri watano, wala si 30: wawili ambao ungependa zaidi kuwafanyia kazi, wawili ambao sifa zako zinawiana nao vizuri, na mmoja ambaye hukuwahi kumfikiria.

Hatua ya pili ni kusoma habari za kila mmoja: anazalisha au anatoa huduma gani, ana matawi wapi na katika miezi ya karibuni ametangaza nafasi zipi. Kazi hiyo haichukui zaidi ya jioni moja. Ofisa aliyeulizwa mara 200 kwamba "nyie mnajishughulisha na nini?" humkumbuka yule mmoja aliyeuliza kuhusu tawi jipya la Mwanza.

Hatua ya tatu ni wasifu. Kwa mtu asiye na uzoefu mrefu, kurasa mbili zinatosha. Juu kabisa ziwekwe namba ya simu inayopatikana wakati wote na anuani ya barua pepe yenye jina lako halisi, si lakabu ya utani uliyojipa shuleni. Mafunzo kwa vitendo, kazi za kujitolea na biashara ndogo uliyowahi kuiendesha ziandikwe kwa vitendo na idadi: uliuza nini, ulihudumia wateja wangapi, ulitunza hesabu za muda gani. Wadhamini unaowataja waarifiwe kwanza, kwani si jambo la ajabu mwajiri kupiga simu na kujibiwa "huyo simfahamu". Wasifu wa benki usifanane neno kwa neno na ule wa shirika la misaada.

Hatua ya nne ni vyeti. Beba nakala chache tu, na vyeti halisi visiachwe mezani kwa mtu yeyote. Nakala zilizothibitishwa na mwanasheria ziwe tayari nyumbani kwa ajili ya maombi rasmi. Aliyesoma nje ya nchi ahakikishe shahada yake imetambuliwa na TCU, na mwenye cheti cha sekondari cha nje apate ulinganifu kutoka Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Taratibu hizo huchukua muda na haziwezi kuanza baada ya kuitwa kwenye usaili.

Hatua ya tano ni kujizoeza kujieleza kwa nusu dakika, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa kuwa baadhi ya maofisa hubadili lugha katikati ya mazungumzo ili kumpima mtu. Kwa mfano: "Nina stashahada ya uhasibu. Nilifanya mafunzo kwa vitendo ya miezi mitatu katika halmashauri, upande wa mapato, na sasa namtunzia hesabu mfanyabiashara wa vipuri Kariakoo. Ningependa kufahamu mnavyowachagua wahasibu wasaidizi." Maelezo hayo yanataja elimu, uthibitisho na haja, bila kusimulia maisha yote.

Siku yenyewe

Fika mapema. Asubuhi maofisa hawajachoka na foleni ni fupi. Kufikia alasiri baadhi yao huwa wameanza kufunga mabanda. Zunguka ukumbi mzima mara moja bila kuzungumza na mtu ili ujue nani yuko wapi. Kisha anza na banda ambalo si la kwanza katika orodha yako, kwani mazungumzo ya kwanza huwa na kigugumizi. Ukishazoea, nenda kwa wale wawili unaowataka zaidi.

Usiende bandani na kundi la marafiki. Vijana wanne wanaosimama pamoja huzungumziwa kama wasikilizaji, na anayekumbukwa ni yule mwenye sauti kubwa. Mzazi au mlezi aliyekusindikiza naye asubiri pembeni. Msalimu ofisa kwa heshima inayolingana na umri wake, jitambulishe kwa majina mawili na umuulize kama ana dakika mbili. Ukiwa kwenye foleni, sikiliza wanayojibiwa waliokutangulia ili usirudie swali lililokwisha kujibiwa.

Maswali yafuatayo huzaa majibu yenye manufaa zaidi kuliko "mna nafasi za kazi?":

Kwanza, ni nafasi zipi ambazo huwa mnapata shida kuzijaza?

Pili, katika maombi mnayopokea, ni kasoro gani inayowaondoa wengi?

Tatu, mnaajiri wakati gani wa mwaka, na matangazo yenu huyaweka wapi?

Nne, mnapokea watu wa kujitolea au wa mafunzo kwa vitendo, na utaratibu wake ukoje?

Tano, nikishatuma maombi, ni idara gani nitakayowasiliana nayo?

Suala la mshahara lisiwe la kwanza, lakini si dhambi kuuliza kiwango cha kuanzia kwa kada fulani. Kumbuka kwamba katika utafiti wa Addis Ababa kilichobadilika ni matarajio. Anayegundua kuwa amekuwa akikataa kazi kwa kungoja mshahara usiokuwapo sokoni amepata taarifa yenye thamani, hata kama inauma. Kadhalika, anayegundua kuwa amekuwa akijiuza kwa bei ya chini amepata faida.

Jibu la "kwa sasa hatuna nafasi" lisikuondoe hapo hapo. Waajiri wengine huja kutangaza jina tu, na hilo si kosa lako. Uliza nafasi hutarajiwa lini. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na taasisi zinazotegemea bajeti hiyo hupanga ajira zao kwa kuufuata.

Ukitoka kwenye banda, simama kando na uandike kwenye daftari dogo jina la ofisa, cheo chake, alichokuambia na hatua inayofuata. Usiamini kumbukumbu. Baada ya mabanda matano, sura na maneno huchanganyika.

Saa 48 zinazofuata

Hapa ndipo wengi hupoteza walichokipata. Ndani ya siku mbili, mwandikie kila ofisa aliyekupa anuani yake. Ujumbe uwe mfupi: "Ndugu, naitwa fulani. Tulizungumza Jumamosi katika banda lenu kuhusu nafasi za wahasibu wasaidizi. Ulinishauri nipitie upya sehemu ya uzoefu katika wasifu wangu. Nimefanya hivyo na nimeuambatanisha. Nimetuma pia maombi kupitia tovuti yenu kama ulivyoelekeza. Nashukuru kwa muda wako." Ujumbe huo unamkumbusha mlikutana wapi, unaonesha kuwa ulisikiliza na haumwombi upendeleo.

Maombi rasmi yapite katika njia rasmi, hata kama ofisa alipokea wasifu wako kwa mkono. Karatasi zinazokusanywa mabandani zinaweza kuishia kwenye boksi. Usipojibiwa ndani ya wiki mbili, kumbusha mara moja. Zaidi ya hapo inakuwa usumbufu.

Mbali na waajiri, zipo taasisi za kukutafutia daraja. TaESA, iliyoanza mwaka 2008 kama wakala wa serikali wa huduma za ajira, imekuwa ikiwaunganisha watafuta kazi na waajiri pamoja na kuwapeleka wahitimu kwenye mafunzo ya uzoefu kazini. Nchini Kenya jukumu la kuwasajili watafuta kazi lipo chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Haki zako na mitego ya matapeli

Palipo na watu wenye shida, matapeli hawako mbali. Dalili ya kwanza ni fedha. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1997 unaweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira hatakiwi kumtoza mfanyakazi ada ya kumtafutia kazi. Anayekudai "ya fomu", "ya sare" au "ya vipimo" kabla ya mkataba, tena kwa kutuma kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, mwache na uwaarifu waandaaji.

Uangalifu uzidi kwa nafasi za Oman, Falme za Kiarabu na nchi nyingine za Ghuba. Nchini Tanzania mawakala binafsi wa ajira husimamiwa chini ya Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999, na biashara ya usafirishaji haramu wa binadamu ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2008. Mwombe wakala leseni, jina la mwajiri na mkataba ulioandikwa kwa lugha unayoielewa, kisha uthibitishe kwa ofisi za kazi kabla ya kutoa pasi yako ya kusafiria. Wakala mwenye haraka kupita kiasi mara nyingi ana cha kuficha.

Anayedai rushwa ya fedha au ya ngono ili akupe nafasi anatenda kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Taarifa hupokelewa na TAKUKURU kwa simu ya bure namba 113.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi katika ajira, na inamhesabu mwombaji wa kazi kuwa miongoni mwa wanaolindwa. Miongoni mwa misingi iliyokatazwa ni kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri na maambukizi ya VVU. Msichana anayeulizwa bandani kama anatarajia kuzaa karibuni halazimiki kujibu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na asilimia tatu ya wafanyakazi wenye ulemavu. Mtafuta kazi mwenye ulemavu ana haki ya kuuliza mwajiri anatekelezaje takwa hilo.

Jambo la mwisho ni taarifa binafsi. Usiandike namba ya kitambulisho cha taifa, ya akaunti ya benki au ya hati nyingine kwenye daftari la wageni linalopitiwa na kila mtu. Tangu Mei 1, 2023 nchi ina sheria inayolinda taarifa hizo, na anayezikusanya anapaswa kukueleza anazitumia kwa kazi gani.

Namna ya kupima mafanikio

Mtafuta kazi asijipime kwa kuuliza kama ameajiriwa siku hiyo. Ajiulize kama amepata majina matatu ya watu anaoweza kuwaandikia, kama amejua sifa moja anayopungukiwa na namna ya kuipata, na kama ameondoa katika orodha mwajiri asiyemfaa. Akiwa na majibu hayo, nauli yake imefanya kazi.

Akikosa yote matatu, maonesho yanayofuata ya aina hiyo hiyo hayana sababu ya kumtoa nyumbani. Fedha hiyo inaweza kulipia uchapishaji wa maombi matano yaliyoandikwa vizuri, au safari ya kwenda kwenye karakana, shule au duka ambalo halijawahi kuweka banda popote lakini linahitaji mtu.